Darasa la Simama na Keti

Kwaruu! Hata leo, akifumba macho, Mwalimu husikia viti kumi na viwili vikisukumwa nyuma kwa pamoja. Ilikuwa siku ya kwanza ya darasa. Alitamka neno moja la kigeni, akasimama. Akalirudia, akanyanyua viganja, na watu wazima wote wakainuka. Hakuna aliyeambiwa maana yake. Miguu ilielewa kabla ya kichwa.

Lugha yenyewe aliipata ujanani, alipokwenda ng'ambo kulea watoto wa watu. Hakufundishwa, alitumwa tu. Lete, funga, beba, inuka. Akarudi nyumbani, akafundisha michezo shuleni miaka kumi na tisa, mpaka goti la kushoto likamgomea. Ndipo akakodi chumba nyuma ya duka la rangi, chenye mlango usiofungika mpaka uunyanyue kwanza, akaanza kufundisha lugha ile kwa njia pekee aliyoijua: yeye anasema, watu wanatenda. Simama. Nenda dirishani. Shika ndoo. Weka ndoo mezani. Sharti lake lilikuwa moja. Hakumlazimisha mtu kusema.

"Mtoto hukaa mwaka mzima akisikiliza," aliwaambia. "Mdomo utafunguka wenyewe."

Wa kila mtu ulifunguka, isipokuwa wa dobi.

Dobi alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, vidole vimechujuka kwa sabuni, na akiingia darasani harufu ya pasi ya moto ilimtangulia. Mwanawe wa pekee alioa ng'ambo. Mkwe alikuwa mjamzito, na alijua lugha ile ya kwao tu. Dobi alikuwa ameitwa akasaidie kulea.

"Nitakaa kule kama gogo, Mwalimu," alisema. "Mkwe ananisemesha, mimi nacheka tu kama zuzu?"

Wiki tisa alitii bila kukosea hata mara moja, na bila kutoa neno la kigeni.

"Mama, ukiambiwa uruke dirishani, utaruka?" dereva wa lori alimtania.

"Nitaruka, baba. Na nitakuangukia wewe."

Ilipobaki wiki moja asafiri, dobi alifika darasani mapema, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Mwalimu, nimeharibu."

"Umeharibu nini, mama?"

"Jana nimepiga simu ya nyumbani kwa mwanangu, akapokea mkwe. Nikamsikia anahema, kachoka. Basi mdomo ukafunguka, kama ulivyosema. Unajua kilichotoka? Keti! Weka miguu juu! Kunywa maji! Funga mlango! Lala!" Alijipiga paja. "Mtoto wa watu nimemwamrisha kama askari jela. Kisha nikasikia analia, simu ikakatika. Leo tangu asubuhi napiga, haipatikani. Nitaingiaje nyumba ile?"

Wiki tisa, na Mwalimu hakuwahi kuwapa neno la kubembeleza, wala la kuomba, wala la kumpa mtu pole. Alikuwa amewapa alichopewa yeye. Aliikumbuka nyumba ile ya ng'ambo, sauti zikimfuata kutoka chumba hadi chumba, lete, beba, inuka, na akaona haya hata kumtazama dobi usoni.

"Kosa si lako, mama," alisema. "Ni langu."

Wenzao waliingia mmoja mmoja, darasa likaanza kwa uvivu. Walikuwa katikati ya kubeba ndoo simu ya dobi ilipolia. Akaipokea kwa pupa, akabonyeza kipaza sauti bila kukusudia, na chumba kizima kikamsikia mwanawe.

"Mama, jana ulimwambia nini mke wangu?"

"Mwanangu, nisamehe. Ulimi uliniponyoka."

"Usamehewe nini? Nimerudi nikamkuta kaweka miguu juu ya mto, amelala fofofo. Wiki nzima halali! Anasema tangu mama yake afariki, hakuna mtu aliyemwambia aketi. Leo kazima simu alale tena. Anauliza utampigia lini."

Dobi alijifunika uso kwa viganja vyake vyeupe. Dereva wa lori akakohoa, akageukia dirishani kama aliyeona kitu nje.

"Haya mama," alisema baadaye, "na mimi niamrishe nikalale. Nina safari kesho."

Wakacheka, wakaondoka wakicheka. Mwalimu akabaki kupanga viti, kimoja juu ya kingine, mguu wa kushoto akiuburuta. Hakujua kwamba dobi yuko mlangoni bado, anamtazama.

Dobi alirudi. Akamnyang'anya kiti mkononi, akakiweka sakafuni, akapapasa mbao zake, akasema kwa lugha ya kigeni:

"Keti."

Neno lile Mwalimu alikuwa amelitoa mara elfu. Kule ng'ambo, katika maneno yote aliyorushiwa, hilo halikuwamo. Alisimama kidogo, kama asiyejua maana yake. Kisha akaketi.

"Weka mguu juu," dobi akaendelea, akimsogezea ndoo aliyoigeuza juu chini. Naye akauweka. Mama wa watu akapanga viti vyote vilivyosalia, akaunyanyua mlango, akaufunga upepo usiingie.

Mwalimu aliyeapa kutomlazimisha mtu kusema aliinamisha kichwa.

"Sema tena, mama," alinong'ona.