Mamangu Hakuona Haja ya Kulia

Jumatano, mamangu alipokubali hatimaye nimpeleke hospitali kwa tumbo lililokuwa likimsumbua, jambo la kwanza alilofanya ni kuoga. Akapiga pasi buibui, akajifukiza udi, akatia wanja. Mwanamke wa Mombasa hendi mbele ya daktari kama aliyetoka kupaa samaki. Nami, msaidizi wa wauguzi mwenye miaka minne kazini, nilikaa sebuleni kwangu Pearland, nje kidogo ya Houston, nikimngoja, nikaona sawa tu.

Kule Houston, muuguzi wa dharura alimwonyesha kadi yenye nyuso sita, wa kwanza unacheka, wa mwisho unabubujikwa na machozi, akataka atajiwe maumivu kwa namba, sifuri hadi kumi. Nikatafsiri. Mamangu aliutazama ule uso unaolia, akaguna: mtu mzima gani huyu hana haya? Akaniambia nimuulize muuguzi hali ya watoto wake kwanza. Kisha akasema yeye ni mbili, alhamdulillahi. Kwetu mgonjwa akiulizwa hali humshukuru Mungu. Ukweli huja baadaye, mkishazoeana. Muuguzi hakuwa na nafasi ya kuzoeana. Akaandika mbili.

Nikasema ni tisa. Akanitazama vile wanavyotutazama sisi weusi, akauliza ni nani kati yetu anayeumwa. Nikamwomba mamangu apige kelele kidogo tu, kwa ajili yangu.

"Nimlilie mtoto wa watu, nina wazimu?"

Kando yetu alikuwapo bwana mmoja wa kizungu aliyeteguka kifundo cha mguu. Huyo haya hakuwa nazo. Alilia kumi, akalia kumi na mbili, namba ambayo hata kwenye kadi haimo, na sindano ikaja mbio. Sisi tulipewa vidonge vya kiungulia na sifa: mama yako jasiri sana. Jasiri! Sifa hizo hazitulizi hata jino. Nilipouliza tena, walinikumbusha kwa upole kuwa kuna askari mlangoni.

Saa sita baadaye mamangu aliinama kuokota tasbihi yake, asiinuke. Kibofu cha nyongo kilikuwa kimepasuka. Ndipo wote wakajua kukimbia.

Baada ya upasuaji, daktari aliniuliza, kama yeye ndiye aliyeonewa, mbona mgonjwa hakusema. Nusura nimrukie. Lakini wodini kwangu nami humkimbilia apigaye kelele. Weusi wenzangu wanaolala kimya nawaandikia mbili, nikishukuru nimepata wagonjwa wasio na usumbufu.

Mamangu alipozinduka, nikamwuliza maumivu sasa ni ngapi. Akafikiri.

"Sasa nne," akasema. "Jumatatu ndiyo ilikuwa kumi, mwanangu. Nilikwambia sijambo, ukafurahi, ukaenda kazini."