Kichekesho nilichookota bombani

Jamani, leo nimechekesha ukumbi mzima Mbarara, na sasa naona aibu kurudi kambini kwetu Nakivale.

Nimetoa kichekesho cha mama aliyekimbia vita, akavuka mpaka na furushi la nguo mgongoni akidhani ni mtoto wake. Nilikisikia bombani, kwenye foleni ya maji. Mi nilidhani hakina mwenyewe.

Watu walicheka mpaka machozi!

Jirani yangu Mama Odette, aliyekuja na gari la asubuhi kunipigia makofi, hakucheka. Alinifuata nje, akanishika mkono.

"Mwanangu, lile furushi nilikuja kulifungua Ngarama, mpaka uko nyuma yangu."

Miaka sita namwita Mama Odette. Sijawahi kumuuliza Odette yuko wapi.

Kesho tutakutana bombani. Niambieni, nimsalimie kwa jina gani?