Gunia la Mwisho la Bibi

Usiku ule nililala na hasira. Sura ya nne ya tasnifu yangu ilikuwa imerudishwa mara ya tatu, na msimamizi wangu alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kama ni nguvu tu, mbona aliyeishiwa hakupigana, na silaha bado anazo?" Alinipa hadi Ijumaa. Nikishindwa, shahada ndiyo basi tena, narudi kufundisha mikono mitupu.

Nilikuwa naandika jinsi Vita Baridi vilivyokwisha. Nadharia ya uhalisia niliyoitegemea haina mambo ya huruma: mataifa makubwa hupimana nguvu, na uhasama wao huisha mmoja anapoona hawezi tena kwenda sambamba na mwenzake. Hayo niliyaandika vizuri. Swali la pembeni ndilo lililonitoa jasho, mpaka usingizi ukanipitia juu ya karatasi.

Nikajikuta ukumbini kwa Bibi, mzaa mama, aliyefariki nikiwa kidato cha pili. Amekaa mkekani anapeta mchele, kanga ya Waridi mabegani. Waridi ndicho kilikuwa chama chake cha ngoma. Kila msimu walishindana na Asumini, chama cha Bi Zena wa mtaa wa pili: huku wakilisha watu siku tatu, kule wanalisha nne, huku wakishona sare moja, kule wanashona mbili. Halafu mwaka mmoja Bibi akaacha. Mtaa mzima unajua kwamba alimsamehe Bi Zena kwa ajili ya Mungu.

Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua uso, akaniuliza, kwa utani wake wa siku zote, mke mwenzake amekonda kwa nini. Nikamweleza swali la msimamizi. Akaendelea kupeta. Nikarudia, sauti imepanda, nakaribia kulia, maana hata marehemu naye hanisikilizi.

Akainuka. Namfuata, na ukumbi si ukumbi tena, ni ghala la uani. Ngoma zote za Waridi zimepangwa ukutani, ngozi zimewambwa, tayari kupigwa. Waimbaji wake wamekaa chini, wale wenye ndimi kali, na mafumbo ya kumchoma Bi Zena wanayo midomoni. Nje nasikia Asumini wanakuja wakiimba. Nikamuuliza Bibi anangoja nini, si atoke awajibu.

Akanishika mkono, akauweka juu ya gunia la mchele. Nikapapasa kulia, nikapapasa kushoto. Hakuna jingine.

"Ngoma ninazo," akasema. "Lakini nikitoka leo, hili linapikwa. Kesho mama yako atakula ngozi ya ngoma?"

Nje Asumini wanapita mlangoni, wanatucheka, na hakuna anayenyanyuka. Nikamwambia Bibi kwamba watu wote wanasema alisamehe.

"Walisema wao, nikanyamaza. Ilinisitiri." Akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, taratibu. "Mwambie Zena sikumsamehe. Nilikuwa na gunia moja."

Nilitaka kumkatalia. Kwa nini mimi, na kwa nini leo? Nikafungua mdomo, nikaamka, shavu juu ya sura ya nne.

Chini ya wino mwekundu nikaandika papo hapo, kabla jibu halijanitoka: hakupigana kwa sababu alikuwa bado na kitu cha kuokoa, na vita vingekila hicho hicho. Nilijua nimelipata. Sikufurahi hata kidogo, nilimkasirikia Bibi.

Bi Zena yu hai. Macho yamemwishia, lakini kila Alhamisi jioni humsomea Bibi Yasini, huku akisema hajapata kuona moyo kama ule. Jibu la msimamizi nililipeleka Ijumaa asubuhi. Salamu za Bibi kwa Bi Zena ninazo bado.