Siku Punda Wangu Alipokosa Choo

Nilikuwa najivunia kwamba punda wangu hali nyasi. Yeye ndiye anayevuta mkokoteni wa maji ninayouza Kariobangi, na kwetu magharibi anayekufanyia kazi humlishi vitu vikavu. Kwa hiyo alikula kama mkwe: ugali uliobaki, maganda ya viazi, na majani ya kabeji tuliyowekewa na akina mama wa soko. Nyasi kavu niliziona chakula cha punda asiye na mwenyewe.

Jumamosi moja asubuhi akagoma. Alilala mlangoni mwa ploti tunamopanga, akainuka, akalala tena, akawa anageuka kutazama ubavu wake. Choo hakuna tangu jana yake. Nikamletea kabeji mbichi, hakuinusa hata. Hapo nikaogopa kweli, maana tangu niwe mjane, punda huyo ndiye aliyenilelea watoto.

Daktari wa mifugo niliyemwita, kijana mwembamba, alimsikiliza tumbo kwa muda mrefu.

"Mathe, huyu hukula nini?"

Nikamtajia yote kwa madaha. Akanitazama kwa huruma iliyoniudhi.

"Tumbo yake imenyamaza. Punda anafaa kutafuna nyasi kavu kidogo kidogo, siku mzima, ndio tumbo itembee. Hii ugali inamziba."

"Nampa kile mimi nakula."

"Sasa yeye si wewe, mathe."

Nilitaka kumfukuza. Badala yake nikamshika punda kichwa akipitishiwa mrija wa mpira puani na kumiminiwa dawa, kisha nikamtembeza polepole hadi jioni, nikimwomba msamaha kwa lugha ya nyumbani.

Jumapili, nimeshavaa nguo za kanisa, nikakuta rundo dogo nyuma yake, bado linafuka mvuke. Nililia. Nikamwekea konzi ya nyasi kavu kama nilivyoagizwa, nikasimama pale nikisikiliza meno yake yakisaga, nikiwa na furaha tele.

Kanisani, wakati wa ushuhuda, watu walishukuru kwa kazi mpya na watoto waliofaulu mtihani. Nami nikasimama.

"Bwana asifiwe. Nilimziba punda wangu kwa ugali. Leo amepata choo."

Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Jumamosi nzima sikuwa nimempelekea mtu maji, na nusu ya waumini walikuwa wamekuja wakiwa wamenawa uso tu. Waliitikia amina kwa sauti moja.