Lori Lililozaa Dizeli Njiani Makutupora

Niliondoka kijijini kwetu Mkonze kwa sababu ya mke wangu, na hilo nalisema mapema ili lawama zigawanywe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye uwezo anaagiza chake kutoka nje. Mimi, mwalimu mstaafu wa hesabu na sayansi, nikachukua kiinua mgongo changu chote nikanunua lori la mtumba la tani saba. Mke wangu, Mama Nyemo, hakulipenda hata siku moja. Alisema linakunywa dizeli kama ng'ombe waliotoka machungani, afadhali tuliuze tununue mashine ya kusaga. Nami lori lile nililipenda jamani! Nilikuwa naamka naliangalia kwanza kabla sijanawa uso.

Basi akanipa sharti: niende nalo Makutupora kwa dada yake, nirudi siku hiyohiyo. Mshale wa mafuta ulikuwa umekufa, kwa hiyo tulipima kwa kijiti. Unakitumbukiza kwenye tangi, unaangalia palipolowa. Akakitumbukiza mwenyewe, akakata alama kwa kisu.

"Nikipima jioni, dizeli ikiwa imeshuka zaidi ya vidole vinne chini ya alama hii, lori linauzwa," alisema. "Na huko dada naye atapima. Wewe na huyo mtani wako siwaamini."

Mtani wangu ni Mihambo, dereva, Mnyamwezi wa Tabora. Mimi Mgogo. Watu wa makabila yetu hutukanana tangu asubuhi na hakuna anayenuna.

Saa kumi na mbili asubuhi, Mihambo akatangaza kwamba gari kubwa linaweza kula mafuta kidogo kama pikipiki, mradi lipunguzwe uzito. Akashusha tairi la akiba. Akashusha ubao wa nyuma wa bodi. Akafungua kiti cha abiria, akakiweka uani karibu na kuku. Mama Nyemo alipoleta uji, Mihambo akaufunika kwa kiganja.

"Mwalimu, uji nao ni mzigo."

Nikauacha, mtu mzima mimi. Tukaondoka bodi tupu kabisa, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimekumbatia kijiti.

Barabara ya kuingia mjini tuliitambaa. Kila penye mteremko Mihambo aliweka frii na kuzima moto, tukawa tunateleza kimya kimya. Honi aliikataza kwa kuwa eti inakula betri. Tulipowakuta mbuzi barabarani ikabidi nitoe kichwa dirishani nipige kelele mwenyewe. Mbuzi walinitazama tu, mwenye mbuzi ndiye aliyekimbia. Mbele kidogo mzee mmoja mwenye baiskeli iliyojaa kuni alitukuta, akatupita. Nilimwamkia shikamoo yuko ubavuni mwetu. Marahaba yake ilitufikia akiwa ameshatangulia.

"Nyie Wanyamwezi mna shida," nilimwambia Mihambo. "Babu zako walipita hapahapa na mizigo kichwani, hawakutumia hata tone la dizeli. Wewe umekosea wapi?"

"Na babu zako walikaa kando ya njia kuwatoza ushuru wa maji," akajibu. "Hawakubeba hata kibuyu. Ndiyo maana leo umepanda lori ukakaa kwenye ndoo."

Mjini tulipita salama, tukashika barabara ya kaskazini na upepo wa Agosti ukitutia vumbi mdomoni.

Saa nne na nusu tulifika Makutupora, njaa ikinikata tumbo. Shemeji yangu, Mama Yohana, alikuwa shambani na majirani zake wakichuma zabibu. Mihambo alipandisha lori kwenye kilima kidogo mbele ya nyumba, pua juu, watu wakaja kuangalia. Shemeji akafuta mikono, akachukua kijiti, akakitumbukiza.

Kilitoka kimelowa vidole vitatu juu ya alama!

"Imeongezeka!" Mihambo akaruka. "Mwalimu, imezaa!"

Nami nikaruka. Sijui nilipatwa na nini. Nilipanda kwenye bodi nikawahutubia wakulima wale kuhusu maajabu ya injini za kisasa, nikawaambia kwamba gari likiendeshwa kwa akili hurudisha mafuta. Kuna baba mmoja alivua kofia. Mihambo alikuwa ameshaanza kuwaonyesha watu mikono yake, wamguse.

Shemeji aliingia ndani, akatoka na sufuria ina maji nusu. Akaiinamisha upande mmoja, akaniletea pale nilipo.

"Shemeji, samahani. Kule nyumbani huwa unaliegesha wapi?"

"Pale pale, linaangalia korongoni."

"Pua chini?"

"Pua chini."

"Na hapa?"

Nikaangalia lori. Pua juu. Nikaangalia tangi, refu, limelala ubavuni, mdomo wake uko upande wa nyuma. Nikaangalia maji yalivyokimbilia upande mmoja wa sufuria.

"Ulikuwa unafundisha somo gani vile?" aliniuliza.

"Hesabu."

"Na?"

Yule baba akavaa kofia yake.

Tuliligeuza lori likakaa pua chini, kama nyumbani. Kijiti kikatoka kimelowa vidole vitatu chini ya alama, na safari ilikuwa nusu tu. Niliiona mashine ya kusaga imesimama pale lori langu linaposimama, inanguruma.

"Mmeleta nini huku?" shemeji akauliza.

"Hakuna. Tumelipunguzia uzito."

"Tani saba, kutoka Mkonze, tupu?" Alikaa chini kwenye vumbi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na majirani wakacheka naye. Kisha akainuka akajipangusa. "Mna wazimu nyie. Gari kama hili halili mafuta mengi, linakula mafuta bure. Hebu lileteni shambani tulijaze zabibu."

Saa saba mchana matenga ya zabibu za majirani wote yalikuwa yamejaa kwenye bodi, nyuma yamezuiwa kwa mlango wa choo cha shemeji na kamba, kwa kuwa ubao wetu ulibaki nyumbani. Kwa mzigo ule, pikapu iliyokuwa ikiwabebea ingeenda mjini na kurudi mara saba. Sisi tulienda mara moja. Mihambo hakuzima moto popote, na nilikula ugali kabla ya kuondoka, nikaongezewa.

Saa kumi jioni, tumeshashusha mzigo mjini, tulikaribia Mkonze. Mihambo akapunguza mwendo.

"Mwalimu, niingie kinyumenyume? Pua ikae juu. Kijiti kitasema vizuri."

Nawaambia kweli, nilitamani. Nilitamani sana. Lakini nilishachekwa na watu wa kutosha siku ile. "Liweke lilivyokuwa," nikasema.

Mama Nyemo akapima. Vidole sita chini. Akanitazama.

Nikamweleza yote: sufuria, matenga, pikapu na safari zake saba, mlango wa choo. Nikamwambia kwamba nilichojifunza ni kwamba nilikuwa naliuliza lori swali la kijinga. Siyo limekunywa kiasi gani. Ni limebeba nini lilipokunywa. Nikampa tenga la zabibu alilotumiwa na dada yake, pamoja na salamu kwamba Makutupora wanatafuta samadi.

Alikula zabibu moja. Akaangalia zizi letu, ambalo samadi yake ilikuwa imefika juu ya ua, na ambayo amekuwa akiniambia niiondoe tangu nistaafu.

"Rudisheni kiti," alimwambia Mihambo. "Lori linabaki. Kesho nakaa mimi mbele."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe si ulitaka tani saba zitimie?"

Safari yangu ya pili ya Makutupora niliifanya juu ya samadi, nimekaa na mlango wa choo cha shemeji mapajani, nikiurudisha kwa mwenyewe.