Redio Shingoni mwa Kidoti

Watu wa Mwereni wakitaka kukueleza Dama ni nani, hawaanzi na sura yake wala ukoo wake. Wanaanza na koo lake. Mwanamke yule alikuwa na sauti, jamani! Akisimama mlangoni pake asubuhi kumwamkia Dzombo, jirani yake wa ng'ambo ya bonde, Dzombo alimsikia akiwa bado ndani ya shuka. Aliziba masikio kwanza, ndipo akaitikia.

Na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikimchungia ng'ombe. Mumewe alipofariki alimwachia kundi dogo, akamwachia na mwito wa kuwaita, ule aliokuwa akiutumia mwenyewe: "Ndzoo, Kidoti, ndzoo!" Kwa Kiduruma, lugha yao, hiyo ni njoo. Kidoti alikuwa jike jekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, na ndiye kiongozi. Alikokwenda yeye wenzake walifuata, na akiitwa yeye walirudi wote. Mama yake alikufa siku ile ile aliyomzaa, akalelewa kwa chupa ya soda na Nzai, mwana wa pekee wa Dama, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shule na hana kazi. Nzai alimlea ndama yule mpaka watu wakamcheka, wakamwita Mama Kidoti. Kisha akapata kazi ya uweita katika hoteli moja huko Diani, akavaa tai, akahamia Ukunda, na mambo ya chupa ya soda akayasahau. Au alisema ameyasahau.

Mambo yaliharibika mwaka wa tisini na nane, baada ya ile mvua ya Elnino. Nchi kavu ya Mwereni iliota majani kama iliyorogwa. Vichaka vilipanda hata ng'ombe akiingia humo unaona mkia tu, halafu huoni hata mkia. Maji yalichimba makorongo mahali ambapo jana palikuwa na njia. Vijana wa kuchunga nao, kila Dama alipompata mmoja, alikaa kidogo tu akaaga kwenda Diani kuwa bichiboi, kuwazungukia watalii ufuoni. Basi Dama alichunga mwenyewe, na goti lake bovu, mpaka siku alipomfuata Kidoti vichakani akateleza, akaingia korongoni mzima mzima. Alipiga ukelele Dzombo akaja mbio na kamba, lakini goti lilikwisha kuvimba likawa kama boga.

Nzai aliposikia alikuja siku ya pili yake na uso ameukunja.

"Mayo," alisema, maana ndivyo wanavyomwita mama kwao, "ng'ombe tuwauze. Uje Ukunda ukae karibu nami. Nitakupangishia chumba kizuri, na umeme, na maji ya mfereji."

"Na huko chumbani nitamwita nani?" aliuliza Dama.

"Huna haja ya kumwita mtu. Utapumzika."

"Mimi sijachoka! Goti ndilo lililochoka. Basi lichukue goti uende nalo Ukunda."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wake Nzai alisema hivi: atawaacha ng'ombe kwa sasa, lakini wakipotea tena, hata mara moja, atakuja na lori. Dama aliitikia kwa shingo upande. Kwa miguu ile angewafuata vipi? Alijua kabisa kwamba ng'ombe wakienda, na nyumba inakwenda, na yeye atamalizia siku zake amekaa kitako kwenye ngazi za watu Ukunda, akiangalia viatu vya wapita njia. Ilimuuma, akalala bila kula.

Sasa Nzai alikuwa amefuatana na rafiki yake aitwaye Cliff, Mluhya wa Kakamega, fundi wa zile redio za mkononi za walinzi wa hoteli, za kubonyeza na kuongea, ambazo wenyewe huziita wokitoki. Cliff alikuwa amekuja kula kuku tu. Lakini ugomvi wa mama na mwana ulimkwama kooni pamoja na kuku.

"Mama," alisema wakati wa kuondoka, "huyu ng'ombe anakujua sauti, sindiyo?"

"Kuliko Nzai anavyonijua."

"Basi miguu ya nini? Tutume sauti. Wacha uone."

Alirudi peke yake baada ya majuma machache na redio mbili zilizotupwa na hoteli, akazifufua kwa vipande vya nyingine. Moja aliifunga ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, akalitoboa matundu, akamvika Kidoti shingoni kwa mkanda wa gari. Ndani ya kopo aliweka kidude kidogo alichokitoa kwenye saa ya ukutani, kikawa kila baada ya muda kinaibonyeza redio chenyewe. Redio ikilia tii, kisha kwa muda mfupi unasikia kila kilicho karibu na ng'ombe, halafu kimya. Ya pili aliiweka upenuni mwa nyumba ya Dama, ikila moto wa betri ya gari, na juu yake akasimamisha mlingoti wenye vyuma vya antena ya televisheni. Mlingoti ulizunguka kwa mkono. Ukiuzungusha, ile tii inapanda na kushuka, na pale inapolia kwa nguvu kabisa, basi ng'ombe yuko upande huo.

Chini ya mlingoti Cliff alipachika kifuniko cha sufuria na mshale, akaandika pande zote za dunia kwa unadhifu mkubwa.

"Hii ni nini?" aliuliza Dama.

"Kaskazini magharibi, Mama."

"Kaskazini magharibi kunakaa nani?"

Cliff alikuna kichwa. Alifuta yote, wakaanza upya kwa ncha ya msumari: chungu pale penye kisima, jembe kwa Dzombo, gurudumu kwenye duka la Rai, na mkunjo mrefu wa korongo lililomla Dama goti. Hapo Dama alikitazama kifuniko akacheka, akasema sasa kinasema maneno ya watu.

Siku ya majaribio ilikuwa kichekesho. Kidoti alikuwa anakula majani upande wa kisima. Dama alibonyeza, akapaza sauti kama kawaida yake, "Ndzoo, Kidoti!" Masikini ng'ombe! Bibi yake alikuwa anampigia kelele chini ya kidevu chake mwenyewe. Aliruka, akazunguka kumtafuta, akazunguka tena, na Cliff aliyekuwa kule akimwangalia alikaa chini kwa kicheko. Ilibidi Dama ajifunze kuita polepole, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Kidoti naye alijifunza kwamba sauti ya kopo maana yake ni nyumbani. Haikuchukua muda, jioni Dama alikuwa anakaa kwenye kigoda, goti amelinyoosha, anazungusha mlingoti, anabonyeza, na kundi linarudi lenyewe. Hata akapata tabia. Watu wengine walisikiliza taarifa ya habari, yeye alisikiliza Kidoti akitafuna.

"Leo anakula vizuri," alimwambia Dzombo. "Sikia hiyo!"

"Mimi nasikia ng'ombe anatafuna," alijibu Dzombo.

Basi kiburi kikamwingia, tuseme ukweli. Dzombo alipomwoza binti yake, Dama aliwafungulia ng'ombe asubuhi akawaambia, nendeni, mimi nina redio, mtanipotelea wapi? Akaenda harusini. Na harusi ya kwa Dzombo, bila Dama ingekuwa harusi gani? Alipiga vigelegele, aliimba, alishindana na upande wa bwana harusi akawashinda, wakaleta waimbaji wengine akawashinda na wao. Alilala huko huko. Redio ilikaa upenuni ikilia tii peke yake, haina wa kuisikiliza.

Aliporudi kesho yake zizi lilikuwa tupu. Alifungua mdomo kumwita Kidoti, na kilichotoka ni upepo. Sauti haipo! Alikohoa, akanywa maji ya moto, akajaribu tena. Ilitoka sauti ya mlango mbovu.

Na habari ya zizi tupu ilikwisha kufika Ukunda na wageni wa harusi walioondoka alfajiri wakaliona njiani. Kabla ya adhuhuri lori liliingia uani. Alishuka Nzai na shati lake jeupe la kazi, akashuka Abdurahman, mwenye bucha la Ukunda, na kamba begani, akashuka Cliff aliyeomba kupanda ili abadilishe betri za kopo. Abdurahman alitoa salamu zake kwa adabu, akauliza hali ya nyumba. Dama aliitikia kwa mkono.

"Mayo, tuliahidiana," alisema Nzai. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaangalia chini.

Dama alimshika mkono akamvuta mpaka kwenye mlingoti. Cliff aliuzungusha. Tii. Ilikuwa hafifu mno. Mshale ulisimama kwenye ule mkunjo wa korongo, mbali, na baada ya tii walisikia pumzi na kutafuna.

"Wako hai," alisema Cliff. "Lakini betri ya kule inaisha. Ikikata, tumewapoteza kwa hiyo msitu."

Dama alibonyeza akaita kwa ule mlango mbovu wake. Kidoti aliendelea kutafuna. Cliff naye alibonyeza, akaita kwa Kiduruma cha Kakamega, na jibu lake lilikuwa kucheua kwa kishindo. Abdurahman akasema jamani nipisheni, mimi nimewazoea ng'ombe. Alikohoa, akaita kwa sauti tamu ya muuza nyama, na kule kukawa kimya kabisa.

"Huyu anakujua," alisema Cliff, na hata Dama alitikisika mabega kwa kicheko kisicho na sauti. Kisha akamgeukia mwanawe. Hakuweza kusema, akamnyooshea redio tu.

"Mimi?" Nzai alirudi nyuma. "Mayo, mimi nimeacha zamani mambo hayo. Hawanijui tena."

Tii, ikalia redio, kidogo kuliko mwanzo. Dama alisukuma redio kifuani mwa shati jeupe akaiacha, na Nzai ilibidi aidake isianguke.

Alibonyeza. Alisafisha koo kama anayetaka kumuuliza mgeni atakunywa nini. "Ndzoo," alisema, kwa aibu. Akamtazama Abdurahman, akageuka akampa mgongo, akaifungua tai. "Ndzoo, Kidoti," aliita. "Ndzoo, mwanangu, ndzoo!"

Ilikuwa sauti ya baba yake. Dama alikaa kwenye kigoda ghafla. Hakujua kwamba mwanawe anayo, tangu alipoondoka nyumbani alikuwa anamsikia akisema kwa taratibu za hotelini tu.

Tii. Kutafuna kumekoma. Halafu ukaja mlio mmoja mrefu, mmmmmhuuu, kifuniko cha sufuria kikatetemeka na kuku wakakimbia. Tii iliyofuata waliwasikia wanatembea, vijiti vinavunjika, kwato juu ya mawe. Nzai hakuacha kuita. Aliita huku Cliff akiuzungusha mlingoti na mshale ukitambaa kutoka korongoni, ukapita jembe, ukakaribia chungu, na tii inazidi kunenepa, mpaka kopo lilipokata kabisa. Lakini wakati huo hapakuwa na haja ya redio. Nzai alikwisha kutoka nje ya ua anaita kwa koo tupu, viatu vyake vya weita vimejaa tope, na vichaka vya kisimani vikafunguka.

Kidoti alikuja mbele na kopo lake. Hakwenda zizini. Alikwenda moja kwa moja kwa Nzai, akainusa mikono yake, mmoja kisha wa pili, akatia pua chini ya kwapa kutafuta chupa ya soda, ng'ombe mzima mwenye ndama wake! Shati jeupe likawa la kijani. Nzai alimshika ule uso kwa mikono miwili akaulaza kifuani, na machozi yalimtoka mbele ya watu.

Abdurahman aliwaacha kidogo, alikuwa mtu muungwana. Kisha akaitoa kamba begani.

"Haya bwana Nzai, mashallah, wote wazima. Tupakie?"

Nzai aliitazama kamba, akamtazama ng'ombe.

"Ndugu yangu Abdurahman, nisamehe," alisema. "Huyu nimemwita nyumbani akaja. Nitamwambiaje kwamba nilimwita kwako?"

Abdurahman alifikiri, akaikunja kamba. Alisema hilo lingemkosesha usingizi hata yeye. Aliondoka na majogoo wawili na tenga la mahindi ya kuchoma, Dama amelipiga lori kofi la kwaheri ubavuni, kwani hakuwa na njia nyingine ya kupiga kelele.

Sauti ilimrudia Dama baada ya siku chache, na Dzombo akarudi kuziba masikio asubuhi. Lakini Cliff hakutaka kubahatisha tena. Alimkalisha Nzai chumbani kwake Ukunda, akamrekodi kwenye kaseti akiita, akaileta Mwereni na kaseti-redio ndogo. Siku Mama akipata mafua, alisema, aicheze tu mbele ya redio na kubonyeza.

Mafua hayajaja. Hata hivyo kaseti ile inakaribia kukatika kwa kuchezwa. Jioni ng'ombe wakiisha kuingia wote zizini na mlango umefungwa, Dama anakaa kwenye kigoda chake na kuiwasha, polepole, bila kubonyeza redio yoyote. Ndzoo, anaita Nzai, ndzoo. Na kule zizini Kidoti anainua kichwa kila mara, anasikiliza, haelewi anatakiwa arudi wapi tena, naye yuko nyumbani tayari.