Amana ya Chumba cha Cherehani

Wanaume wetu walirudi kutoka vita vya Bama na makoti mazito ya jeshi ambayo joto la Changamwe halikuyataka, na sisi wake zao tukaambiwa tushukuru. Tulishukuru. Kanisani tulipiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Kisha kila mmoja akaenda nyumbani kwake na mtu aliyemfahamu sura tu.

Wangu hakunipiga wala hakulewa. Aliacha kusema. Akitoka kazini bandarini alikula, akaketi akiutazama mlango mpaka giza liingie, na nikimgusa bega kwa nyuma aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Rabai aliniambia, "Vumilia, mwanangu." Jirani naye akasema vumilia. Mchungaji akaniambia nivumilie, akanipa na aya yake. Nilifika mahali nikalichukia neno hilo, na hata sasa, uzeeni, mtu akinitamkia huwa natafuta pa kwenda.

Siku hizo nilikuwa nikifundisha wanawake kushona katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, chenye cherehani moja ya mkono. Mchana mmoja akaingia mwanamke kijana, Mtaita, mke wa kuli wa bandarini, amejifunga kanga shingoni kwa jua lile. Alipoinama kuokota uzi kanga ikateleza, nikaona alama za vidole kooni mwake. Wenzake waliziona pia. Kila mmoja akainamia sindano yake.

Kule kuinama kulinichoma kuliko zile alama.

"Nani humu mumewe amerudi mzima?" niliuliza. Sindano zikaenda mbio. "Basi kuanzia wiki ijayo tutashona, na tutasema."

Ni rahisi kutangaza. Kwa majuma kadhaa nilisema mimi tu. Nilihubiri, nao wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu," wakaenda zao. Sisi wa pwani hatukuwaamini wanawake wa bara. Tulisema watahama kesho na mambo yetu vinywani. Wao hawakutuamini sisi, kwa sababu tuliwacheka Kiswahili chao. Na sote tulimwogopa mke wa mzee wa kanisa, mama mtu mzima aliyekaa karibu na dirisha akishona vitambaa vya madhabahu. Ilisemwa kwamba kinachoingia sikioni mwake hulala sikioni mwa mumewe.

Aliyenifumbua macho ni mke wa fundi wa reli, mwenyeji wa upande wa Ziwa, mwanamke mrefu asiyejua kunong'ona.

"Mwalimu," alisema, "wewe umekaa kwenye kiti, sisi mkekani. Unatuuliza ya ndani, na ya kwako umeyafungia. Kwetu mtu wa namna hiyo tunamwita polisi."

Wakacheka wote. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nikashuka, nikaketi mkekani katikati yao, nikasema. Niliwaambia habari za bega na mlango. Niliwaambia kwamba kuna siku nilitamani angepotea huko huko, nimlilie mara moja yaishe, kuliko kukaa na maiti inayokula ugali wangu. Nilipomaliza niliona aibu hadi masikio yakaniwaka.

Kisha mmoja, bila kuinua macho kutoka kwenye upindo wake, akasema, "Hata mimi."

Hapo ndipo tulipoanza kweli. Masharti yetu hatukuyatoa katika kitabu. Kila moja lilizaliwa na jeraha. Ya humu hayatoki. Mwenye kusema hakatizwi, na mwenye kulia haambiwi nyamaza. Hakuna kutoa shauri mpaka uombwe. Na neno vumilia tulilipiga marufuku: atakayelisema, hata kwa kupitiwa, atoke achukue debe aende bombani kutuletea maji. Tulikunywa maji mengi mwanzoni. Mikono iliendelea kushona wakati wote, na hilo lilisaidia. Mtu huweza kusema makubwa akiwa na pa kuelekeza macho.

Yule Mtaita alichukua muda kuliko wote. Siku aliyofungua kinywa alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kupika pojo. Mumewe hakuwa mkatili. Ila usingizini alikuwa anapigana, na mkono wake ukimpata mtu haukuachia. "Nikimsikia ameanza kusaga meno," alisema, "nachukua wanangu naingia jikoni, natia komeo. Asubuhi namfungulia na chai. Yeye hakumbuki kitu. Huniuliza shingo imefanya nini." Mke wa fundi wa reli alimsogelea tu, wakagusana magoti, wakaendelea kushona.

Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alipanda kusoma matangazo, akaongeza yake. Alisema siku hizi kuna mwanamke ambaye mumewe amepigana vita vya mfalme, amerudi shujaa, naye anamtilia komeo kama mbwa. Hakutaja mtu. Hakukuwa na haja. Yule kuli aliinuka kutoka upande wa wanaume, akapita katikati ya kanisa, akatoka. Alipofika nyumbani aling'oa komeo la mlango wa jikoni, akalitupa chooni.

Juma lile nilikuwa na hakika kwamba chumba kitakuwa kitupu. Walikuja wote. Nadhani kila mmoja aliogopa kwamba asiyekuja ndiye atakayedhaniwa. Yule Mtaita alifika mwisho, akasimama mlangoni.

"Sikai," alisema. "Nataka kujua ni nani tu."

Nilijua ningeweza kulifunika. Ningeomba dua, ningesema tusameheane, na siku hiyo hiyo chumba kingekufa. Nikasema, "Hatushoni leo. Hatusemi jingine mpaka hili liishe. Mlango u wazi kwa anayetaka kuondoka, lakini mimi sitauliza jina. Mwenye nalo atalisema."

Tukakaa. Kivuli cha paa kilitoka miguuni mwetu kikapanda ukutani. Mtoto wa mtu akalia nje akanyamazishwa. Hatimaye mke wa mzee wa kanisa akakitua kitambaa chake cha madhabahu.

"Ni mimi," alisema. "Aliniuliza kwa nini narudi na macho mekundu. Nikasema mume na mke ni mwili mmoja. Sikujua atalipandisha madhabahuni."

"Atoke!" Mke wa fundi wa reli alikwisha simama. "Mwalimu, mtoe!"

"Siwezi kumtoa," nilisema, "na wewe huwezi. Aliyeumizwa ndiye aseme."

Sote tukamgeukia yule mwanamke mlangoni. Alikuwa mdogo kuliko sisi sote, lakini sijapata kusikia kauli nzito kuliko aliyoitoa.

"Asitoke. Akitoka, anaondoka na yetu yote, nasi hatuna lake hata moja. Akae. Lakini naye aseme la kwake. La kweli, linalouma."

Mama yule alitutazama mmoja mmoja. Kisha akasema. Mwanawe wa pekee, ambaye mumewe alikuwa akiwaambia watu kwamba amepata kazi nzuri bara, hakuwa bara. Alirudi kutoka vitani akili zimemtoka. Alikuwa juu huko nyuma ya Mazeras, kwenye shamba la baba yake mdogo, amefungwa kamba mguuni. Mzee alikuwa akienda kumwombea, akirudi anaosha mikono kwa muda mrefu. Yeye mama alikatazwa kwenda, wasije watu wakajua.

Yule Mtaita akaingia, akaketi. "Sasa," alisema, "tuzungumze habari ya komeo langu."

Fundi wa reli alimtengenezea mkewe komeo jipya la chuma bila kuuliza la nini. Tuliongozana nalo sote mchana, hadi nyumbani kwa yule kuli, naye akatoka nje amevaa fulana ya singlendi, uso umekunjamana. Mke wa mzee wa kanisa alimwendea mbele ya majirani waliokuwa wakichungulia.

"Mwanangu," alimwambia, "niliyetoa siri ya nyumba yako ni mimi. Mkeo hakukusema vibaya. Alisema anakuogopa usiku na anakupenda asubuhi. Nimekuja kukutaka radhi."

Yule mtu alilitazama komeo mkononi mwa mke wa fundi. Nilidhani atalirusha. Aliuliza, "Yeye shingo yake ni mimi?" Mkewe akaitika kwa kichwa. Mume akakaa chini, pale pale kizingitini, akajifunika uso. Baadaye alisema, "Nipeni nyundo." Akalipigilia mwenyewe kwenye mlango wa jikoni, kwa ndani, akalijaribu mara nyingi kuhakikisha linashika.

Habari zilimfikia mzee wa kanisa kabla jua halijatua. Siku chache baadaye niliitwa mbele ya baraza la wazee. Wao waliketi kwenye benchi, mimi nikaachwa nimesimama.

"Shikamooni," nilisema. Wakaitika nusunusu.

"Mwalimu," alianza mzee, "chumba kile ni cha kanisa. Kinachosemwa ndani yake ni cha kanisa. Tuambie mnasema nini."

"Tunasema yetu, Mzee."

"Yepi?"

"Mzee, jirani akikuwekea amana, kisha mwenye nyumba akaja kuidai, utampa kwa sababu tu nyumba unayoishi ni yake?"

Mmoja akakohoa. Mwingine, mwenye sauti kali, akasema, "Mnawasema waume zenu!"

"Tunasema yaliyotupata. Kama waume zetu wamo humo, ni kwa sababu walikuwepo."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua, ndiyo maana nimesimama."

Mzee alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na jasho lilimtiririka nyuma ya masikio. Nikatambua kwamba hakuwa na hasira. Aliogopa. Mkewe alikuwa amemwambia kwamba ametueleza habari za mwana wao, naye hakujua ni kiasi gani nitakachokitoa pale. Neno moja tu, kamba, lingetosha. Lilikuja mpaka kwenye ncha ya ulimi wangu, na sitadanganya, lilikuwa tamu. Lakini halikuwa langu. Nikamtazama machoni.

"Hakuna jambo la mtu yeyote litakalotoka kinywani mwangu," nilisema. "La mtu yeyote, Mzee."

Alielewa. Macho yakashuka. Alikuwa amenusurika mbele ya wenzake wote, na bado aliunyosha mkono kudai ufunguo wa chumba. Niliuweka mezani, nikawatakia mchana mwema. Nilipoteza kazi ya ualimu wa kushona na cherehani pamoja, na njiani nilitembea kichwa juu kama niliyetoka kuolewa.

Tulihamia uani kwangu. Tulishona kwa mkono. Wawili hawakuja tena, waume zao waliwakataza, na sikuwalaumu. Siku moja akatumwa askari wa chifu kuchungulia kama tunapanga mgomo, maana makuli wa bandarini walikuwa wameanza kunung'unika. Mke wa fundi wa reli alimwinulia kaptura ya mtoto. "Nenda ukaseme tumekutwa na hii," alimwambia, "na kwamba bado haina kifungo."

Ndipo mke wa mzee wa kanisa akasema, "Nataka kwenda kumfungua mwanangu, na peke yangu siwezi."

Tulipanda gari la moshi la asubuhi hadi Mazeras, tukapanda kilima kwa miguu. Kijana alikuwa kwenye banda la mahindi, ndevu zimemfunika, kamba imemla kifundo cha mguu. Shemeji wa yule mama, mwenye shamba, akasimama mlangoni na mikono ameinyosha.

"Mume wako amesema asiguswe!"

"Mume wangu hakumzaa peke yake," alijibu yule mama, akapita chini ya mkono wake. Akaomba kisu, nikampa. Kamba ilikuwa nene. Aliikata akilia, bila kusimama, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Tulimleta Changamwe kwa gari la jioni, jua bado liko juu, tukapita naye barabara kuu mbele ya kanisa, mama yake amemshika mkono kama anayempeleka kubatizwa. Watu walisimama. Mzee alikuwa mlangoni kwake. Alimtazama mwanawe, akamtazama mkewe, akatutazama sisi nyuma yao tukiwa safu moja. Sikuona huruma usoni mwake. Niliona mtu aliyechoka kusema uongo. Akasogea, wakapita.

Kijana hakupona kama watu wanavyopona kwenye mahubiri. Siku nyingine alipiga kelele. Siku nyingine alikuja na mama yake, akaketi karibu na mume wangu bila neno. Jioni moja nilikuwa jikoni nikawasikia wakizungumza, taratibu, juu ya mvua za kule na matope ya kule. Nilizuia mwiko usigonge sufuria. Lilikuwa jambo refu la kwanza kumsikia mume wangu akisema tangu arudi, na hakuniambia mimi. Sikujali. Lilisemwa.

Mwaka uliofuata mchungaji alikuja mwenyewe kwangu, kwa upole, akasema kanisa liko tayari kuturudishia chumba, mradi mzee mmoja aketi pembeni asikilize, kwa ajili ya utaratibu tu. Nikawauliza wenzangu. Yule Mtaita, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akiwapokea wageni na kuwaeleza masharti, hakuinua hata macho.

"Mwambie chumba chake kina joto," alisema, "sisi tutabaki uani."

Nilimpelekea mchungaji jibu hilo kama lilivyo, neno kwa neno.